Baraka ya Bi Pouliot

Edmonde Duguay alitua Guadalajara na Kihispania alichokuwa akijivunia moyoni, na kabla hajamaliza hata kuvua koti, mjukuu wake alikuwa ameshakicheka.

"Bibi, hebu rudia," alisema Yaretzi, msichana wa miaka kumi na minne, kiganja kimefunika mdomo. "Umesema kesho utafanya nini?"

"Nimesema, Mola akitukopesha uhai, kesho nitawapikia mchuzi wa kuku."

Yaretzi alimwangalia mama yake, mama yake akaangalia dari. Rhéal, baba wa msichana na mtoto wa pekee wa Edmonde, alijifanya anahangaika na zipu ya sanduku.

"Mama mkwe," alisema Maricela kwa upole, "huyo aliyekufundisha, ana kofia pana na ng'ombe?"

"Ng'ombe aliuza," alijibu Edmonde. "Kofia anayo."

Wakacheka wote, naye akacheka nao, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi. Kwa wiki nzima aliyokaa pale kila alilosema lilikuwa na ladha ya shamba. Akiitwa kutoka chumba kingine, aliitika kama wanavyoitika watumishi wa kale. Akipewa kikombe cha kahawa alisema Mungu atakulipa. Yaretzi aliwapigia simu marafiki zake waje wamsikilize. Hakuwa na ubaya, msichana wa watu. Ni kwamba alikuwa hajawahi kumsikia mwanamke mweupe wa kaskazini, aliyevaa soksi za sufu, akiongea kama babu anayesubiri mvua.

Chanzo cha yote kilikuwa ukimya. Rhéal aliondoka kisiwani Lamèque, Kanada, akiwa kijana, akapata kazi ya mitambo huko Meksiko, akaoa, akapata mtoto. Aliapa kumfundisha mtoto Kifaransa cha nyumbani kwao, lakini jioni alirudi amechoka, na mtoto akakua bila hata neno moja. Basi kila Jumapili Edmonde na mjukuu wake walisalimiana kwenye simu, hujambo, sijambo, kisha wakabaki wanatazamana kama abiria wawili kituoni. Siku moja Edmonde alikwenda maktaba ya kijiji na kumwambia mkutubi kwamba anataka kujua Kihispania kabla hajafa. Mkutubi akamwandikisha kwenye mtandao mmoja wa watu wanaobadilishana lugha: wewe unanipa yako, mimi nakupa yangu, hakuna anayemdai mwenzake.

Aliyeangukia mikononi mwake ni Crescencio Bañuelos, mzee wa Jerez, katika jimbo kavu la Zacatecas. Ujana wake wote Crescencio alikwenda Kanada kila kiangazi kuchuma stroberi kwenye kisiwa cha Orléans, Quebec. Aliishi miongoni mwa watu wa Kifaransa msimu baada ya msimu, akacheka walipocheka, akainama walipoonyesha kidole, na hakuelewa walichokuwa wakisema. Alipostaafu, jambo hilo lilianza kumkera kama jiwe kiatuni. "Nimekula chumvi yao," alimwambia Edmonde siku ya kwanza, kwa Kihispania cha polepole ili aelewe, "na sijui walikuwa wananiambia nini."

Wakapanga Jumatano, nusu saa Kifaransa, nusu saa Kihispania. Picha hazikuwezekana, maana kwa Crescencio mtandao ulishika kwenye pembe moja tu ya ua, karibu na tangi la maji, na hata hapo ulishika sauti peke yake. Kwa miaka sita walijuana kwa masikio.

Na hawakuwa wawili kweli. Alyre, mume wa Edmonde, mvuvi wa kaa aliyekwisha staafu, alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko na kuingilia kila somo. Watu wa visiwa vile wanasema mambo ya nchi kavu kwa maneno ya baharini. Hawafungi kamba za viatu, wanavitia gati. Hawaingii garini, wanapakia. Mwanamke akivaa nguo nzuri kwenda kanisani, basi ametweka. Edmonde alijaribu kumfundisha Crescencio Kifaransa safi cha kitabuni, lakini Alyre alipiga kelele kutoka nyuma: "Usimdanganye huyo mtu. Nani anasema hivyo? Mwambie watu husema kupakia." Crescencio akayapokea yote, ya kitabuni na ya kitini, bila kuyatenga.

Mwaka wa nne, katikati ya baridi, Alyre alifariki. Jumatano iliyofuata mazishi simu ikalia kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia Crescencio. Edmonde alimwambia kwa neno moja. Mzee yule hakuwa na Kifaransa cha kumpa pole, naye hakuwa na Kihispania cha kulia. Wakakaa kimya wakisikilizana pumzi mpaka nusu saa ikaisha. Kisha Crescencio akasema, "Sasa ni zamu ya Kihispania," na wakakaa kimya nusu saa nyingine.

Ndiyo sababu Edmonde alipomwambia Rhéal kwamba anataka kwenda Jerez kwa basi, peke yake, na kulala huko, hakuwa akiomba ruhusa.

"Mama, humjui huyo mtu," alisema Rhéal.

"Namjua kuliko ninavyojua majirani zako."

"Nitakupeleka kwa gari wikiendi ijayo."

"Nenda kazini, mwanangu. Mimi napakia kesho asubuhi."

Dereva wa teksi aliyempokea stendi ya Jerez alimuuliza anaelekea wapi, naye akamweleza. Yule kijana aligeuza kioo kidogo ili amwone uso.

"Samahani, mama. Wewe ni wa ranchi gani?"

"Mimi natoka Kanada."

"Basi Kanada wanaongea kama marehemu bibi yangu," alisema kijana, na hakucheka hata kidogo. Njia nzima alimsimulia habari za bibi huyo, jinsi alivyokuwa akimchapa kwa taulo la jikoni, na Edmonde alielewa kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atue nchini.

Aliposhuka, alimwona mzee mfupi mwenye masikio makubwa amesimama mbele ya nyumba ya rangi ya samawati, kofia mkononi, nywele zimelazwa kwa maji. Edmonde akatazama nyuma yake kumtafuta Crescencio. Sauti aliyoizoea ilikuwa nzito, ya mtu mrefu mwenye kifua kipana, na miaka yote alikuwa ameipa sauti hiyo mwili wake. Yule mzee naye alikuwa akimtazama kwa mashaka hayohayo.

"Bi Edmonde?"

"Mzee Crescencio?"

Wakapeana mikono. Kisha maneno yakawaishia. Crescencio alianza sentensi kwa Kifaransa wakati uleule Edmonde alipoanza yake kwa Kihispania, wakagongana, wakaachiana nafasi, wakagongana tena. Watu waliokuwa wameongea habari za kifo, za dini, za choo kinachovuja na za watoto walioenda mbali, sasa hawakujua pa kuweka macho.

Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mnene mwenye aproni.

"Kumbe ndiye huyu," alisema, akimkagua Edmonde kuanzia soksi mpaka miwani. "Miaka sita mume wangu anaikimbilia simu kila Jumatano kama kijana mwenye mchumba. Nimeoga, nimevaa hereni, nikajua leo anakuja mrembo nimng'oe nywele. Kumbe bibi mwenzangu. Hereni nimezivaa bure."

"Nywele zenyewe zimebaki chache," alisema Edmonde. "Usingechoka sana."

Bi Chayo, mke wa Crescencio, alicheka kicheko cha tumboni, akamvuta kifuani na kumbusu. Kutoka hapo mambo yakaanza kwenda. Crescencio naye akapata ulimi. Akachukua mkoba wa mgeni, akaonyesha sebule kwa mkono, na kwa Kifaransa akasema, "Haya, pakia ndani, Edmonde. Vua koti, tia nanga pale kwenye kile kiti. Na usijitweke kama wa kanisani, hapa ni kwenu."

Edmonde alisimama palepale kizingitini.

Kwenye simu hakuwa ameliona. Kwenye simu kazi yake ilikuwa kusahihisha. Alisikiliza makosa, si maneno. Sasa maneno yalitoka kwenye mdomo wa mtu, yakaja na mkono unaoonyesha kiti, na yalikuwa ya Alyre, mpaka ule mkwaruzo wa kuburuta neno la mwisho. Tangu azikwe hakuna aliyemwambia Edmonde atie nanga. Padri wa sasa anatoka mjini, majirani vijana wanaongea kama televisheni. Na sasa haya, huku, mahali ambapo hata mto umekauka.

"Nimekosea?" aliuliza Crescencio.

"Hapana. Hujakosea hata kidogo."

Wakala. Bi Chayo alikuwa amepika nyama ya nguruwe kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili, ule wa harusini, wenye harufu ya ganda la chungwa na mdalasini, na mikate myembamba ya mahindi ikitoka motomoto mmoja mmoja kwenye kikaango. Kila Edmonde alipomaliza, mwingine uliangukia sahani yake bila kuulizwa. Waliongea lugha mbili kwa pamoja, wakimtafsiria Bi Chayo alipodai, na mara nyingi alidai. Wakazungumzia barafu ya Lamèque ambayo ilikuwa bado haijaondoka bandarini, na bei ya maharage. Kisha Crescencio akaipangusa sahani yake kwa kipande cha mwisho cha mkate, akaisukuma pembeni, akajikohoza.

"Kuna jambo sikutaka kukuuliza kwa simu," alisema, kwa Kihispania sasa, na Edmonde akajua ni zito. "Nilitaka niwe nakuona."

"Uliza."

"Kule kisiwani Orléans, mke wa mwenye shamba alikuwa anaitwa Bi Pouliot. Sisi wachumaji tulikula ghalani, kwenye meza ndefu. Lakini mimi nilikuwa najua kutengeneza pampu, na pampu yao ilikuwa mbovu tangu kuumbwa kwa dunia, basi mimi nilikuwa naingia mpaka jikoni. Kila nilipotoka, Bi Pouliot alinisemea maneno. Yaleyale kila mara. Nami nilivua kofia nikamjibu kwa lugha yetu, 'Nawe pia, mama, pamoja na watoto wako.'"

"Naye akasemaje?"

"Alicheka kidogo. Mwanamke mwenye furaha. Na siku ya mwisho kabisa, mwaka ambao mgongo wangu ulikataa, niliingia kuaga. Gari linangoja nje. Natoka, nikasikia amenisemea tena, na nilipogeuka macho yake yalikuwa na machozi."

"Vitunguu," alisema Bi Chayo. "Nimekwambia miaka yote, alikuwa anakata vitunguu."

"Hakukuwa na vitunguu, Chayo." Crescencio alimgeukia Edmonde tena. "Nilielewa kuwa ni baraka. Mtu anaondoka nyumbani kwako, unambariki. Sasa nilipoanza kujifunza kwako nilijaribu kuyafungua yale maneno kwa Kifaransa chako, lakini hayakufunguka. Nadhani nimeyachakaza kwa kuyarudia peke yangu. Ila sauti bado ninayo."

Akayatamka. Zilikuwa silabi chache zilizoshikana kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Edmonde aliinamisha kichwa akasikiliza, akamwomba arudie, akarudia, na bado hakupata kitu.

"Ni baraka nzuri," alisema Bi Chayo, na sauti yake ilikuwa imeacha mzaha. "Watoto wetu wanne wote wameenda kaskazini. Kila mmoja alisimama pale mlangoni na begi lake, baba yake akamwekea mkono kichwani akamsomea hayo maneno. Nicanor, wa mwisho, aliomba arudiwe mara mbili. Alikuwa na hofu ya safari."

Edmonde alimgeukia Crescencio.

"Bi Pouliot alikuwa amesimama wapi alipokuwa akisema?" aliuliza.

"Ngoja nikuonyeshe."

Crescencio aliinuka. Akavaa kofia, akaenda mpaka mlango wa uani, akaufungua, na jua la mchana likaingia mpaka chini ya meza. Akatoka hatua moja. Kisha akarudi upande wa jiko akawa Bi Pouliot: akashika mwiko, akageuza shingo bila kugeuza mwili, mkono ukapunga hewani kama anayefukuza kuku, na yale maneno akayasema kwa sauti nyembamba, ya haraka, yakipanda juu mwishoni.

Hapo yakafunguka yote kwa mpigo mmoja. Edmonde alimsikia mama yake. Alijisikia yeye mwenyewe, kila kiangazi cha maisha yake, akimfokea Alyre, akimfokea Rhéal akiwa na magoti yenye vidonda.

Akachukua glasi akanywa maji. Yalikuwa maji mengi, akayanywa yote.

"Ni maneno ya nyumbani," alisema mwishowe. "Ni maneno ambayo mwanamke humwambia mtu anayeingia na kutoka jikoni kwake."

"Yanasema nini?"

"Ni... namna ya kusema kwamba..."

"Edmonde." Alimwita kwa Kifaransa, bila Bi mbele, kama kwenye simu. "Miaka sita nimekusikiliza ukinyamaza. Ukinyamaza namna hii huwa nimekosea kitu, na wewe unatafuta njia ya kuniambia isiyouma. Niambie tu."

Akamwambia. Akasema kwa Kihispania ili Bi Chayo asihitaji kutafsiriwa.

"Alikuwa anakwambia, 'Funga mlango, inzi wanaingia.'"

Crescencio alibaki na mwiko mkononi. Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yake, na inzi wawili, kweli, walikuwa wanazunguka juu ya sufuria ya nyama.

Wa kwanza kusikika alikuwa Bi Chayo. Mabega yake yalianza kutikisika, kisha kifua, kisha kiti. Akajifunika uso kwa aproni. "Nicanor," alisema ndani ya kitambaa, "Nicanor amevuka mpaka na inzi kichwani. Aliomba mara mbili, masikini mwanangu." Akacheka mpaka akakosa pumzi, na aproni ilipoteremka uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa rahisi kujua ni wapi kicheko kiliishia.

Crescencio hakucheka. Aliuweka mwiko taratibu kando ya jiko, akatoka uani, na mlango akauacha wazi.

"Nimefanya vibaya," alisema Edmonde. "Ningesema ni baraka. Ingekugharimu nini, mzee mjinga wewe," alijisemea kwa Kifaransa.

"Kaa. Mwache," alisema Bi Chayo. "Anakwenda kuwaambia kuku. Habari kubwa zote huwa anaanza kwa kuku." Akamimina kahawa vikombe viwili. "Mimi nilijua kuna kitu. Baraka gani ya haraka vile? Padri wetu akibariki, unaweza kukaanga yai akaja kumaliza limeungua. Lakini ungemwona anavyoisema. Alisimama wima. Mume wangu hajui kusema mambo kwa watoto, mwenzangu. Kwa Kihispania hakuwa na neno hata moja. Basi nilimwacha na Kifaransa chake."

Wakanywa kahawa. Kutoka dirishani Edmonde aliona ile kofia karibu na tangi la maji, imesimama tuli, kuku wakizunguka miguuni. Aliona pembe yenyewe, ile ambayo mtandao unashika, na ndoo iliyopinduliwa ambayo bila shaka ndiyo alikuwa akikalia kila Jumatano. Miaka yote alikuwa akimfikiria mezani, na taa, na daftari.

Crescencio alirudi. Akasimama mlangoni.

"Sasa nimejua kwa nini hawarudi," alisema. "Mimi mwenyewe niliwaambia wafunge mlango."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa ya kucheka. Bi Chayo alimtazama mumewe, akangoja. Kisha pembe moja ya mdomo wa mzee ikapanda, ikafuata ya pili, na masikio yale makubwa yakasogea, na akacheka. Alicheka akijishikilia kwenye fremu ya mlango. "Na mimi namvulia kofia," alisema. "Nawe pia, mama. Pamoja na watoto wako. Mwanamke wa watu amesimama na inzi wake, na mimi namvulia kofia na mlango wazi."

Alipokaa, Edmonde alimuuliza, "Wale wenzako wa ghalani, nao alikuwa akiwaambia?"

"Hao hawakufika jikoni."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya tu. Mimi nyumba yangu haina inzi hata mmoja, Mzee Crescencio. Naingia mimi, natoka mimi, mlango naufunga mwenyewe. Nilikuwa nikimfokea Alyre maneno hayohayo miaka arobaini, na yeye miaka arobaini hakuufunga. Usiniulize leo ningetoa nini niukute wazi."

Hakukusudia kusema hivyo. Kwa Kifaransa asingesema. Kwa Kifaransa mambo kama hayo yalikuwa na uzito wake na alijua pa kuyaficha. Kwa Kihispania yalitoka kama yalivyo. Bi Chayo alinyoosha mkono akaufunika wa Edmonde, na kwa muda hakuna aliyesahihisha mtu.

Alasiri walihamia nje mbele ya nyumba, kwenye benchi, ukuta ukiwa na joto mgongoni. Majirani walipita wakasalimia, na kila aliyesalimia alisimama kidogo amsikie mgeni anavyoongea, kwa kuwa habari zilikuwa zimeshafika. Mwanamke mmoja aliyebeba chano cha mkate alimwambia kwamba hajasikia neno fulani tangu baba yake afe. Alimpa mkate mtamu, akaenda zake.

"Huko Guadalajara wananicheka," Edmonde alisema. "Wanasema umenifundisha Kihispania cha shamba."

"Na wewe umenifundisha Kifaransa cha samaki," alisema Crescencio. "Mwaka jana alipita hapa mtalii mmoja, Mfaransa wa Ufaransa, kwenye sherehe za farasi. Nikamsalimia. Nikamwambia atie gati viatu vyake, kamba zimelegea. Aliniangalia kama nimemtukana."

"Ulimweleza?"

"Nilimwambia ndivyo wanavyosema watu. Akasema watu gani. Nikamwambia Alyre."

Bi Chayo alikuwa amevua hereni zake, anazizungusha kiganjani. "Hebu tuambie habari za huyo Alyre," alisema. "Mimi nimemsikia akikohoa kwenye hiyo simu miaka minne, na sijui hata alikuwa na sura gani."

Edmonde alifikiri aanzie wapi. Tangu mazishi hakuwa amemsimulia mtu. Kisiwani kila mtu alimjua Alyre, hakukuwa na wa kusimuliwa, na kwa Rhéal walikwepa, kila mmoja akimlinda mwenzake. Akaanza na lililo jepesi.

"Alirudi kutoka bandarini," alisema kwa Kihispania, polepole. "Alivua buti. Alikaa kwenye ngazi, aliwasha sigara..."

"Samahani," alisema Crescencio. "Ni siku gani hiyo?"

"Si siku fulani. Ni siku zote."

"Basi usiseme alirudi. Ukisema alirudi ni mara moja, imekwisha, umeifunga. Sema alikuwa akirudi. Tumesoma hiyo, wewe huwa unaikwepa."

"Naikwepa kwa kuwa ni ngumu."

"Si ngumu. Hiyo ndiyo ya mambo yasiyo na mwisho wake. Haya, anza tena."

Edmonde aliutazama mtaa. Kivuli cha nyumba za upande wa pili kilikuwa kimefika katikati ya barabara. Akavuta pumzi akalipanga lile neno mdomoni, kitenzi chote na mkia wake, kama mtu anayepanga hatua kwenye barafu.

"Alikuwa akirudi kutoka bandarini," alisema. "Alikuwa akivua buti kwenye ngazi, na soksi zake zilikuwa zikitoa mvuke. Mimi nilikuwa nikimwona kutoka dirishani. Alikuwa akijua namwona, na alikuwa akijifanya hajui."

"Hapo sawa," alisema Crescencio. "Endelea."

"Alikuwa akiongea na paka. Alikuwa akimweleza bei ya kaa."

"Kama wewe na kuku," alisema Bi Chayo.

"Kama mimi na kuku. Mwache aseme."

Akasema. Alipokosea mara moja au mbili Crescencio aliinua kidole bila kumkatiza, naye akarudi nyuma na kuliweka sawa. Alisimulia jinsi Alyre alivyokuwa akiimba kanisani nusu ubeti nyuma ya wenzake, jinsi alivyokuwa akificha biskuti kwenye sanduku la nyavu, jinsi alivyokuwa akiitikisa miguu usingizini. Hakuna lililokuwa kubwa. Bi Chayo aliuliza sura, akaambiwa sura. Aliuliza kama alikuwa na wivu, akaambiwa alikuwa nao wa kutosha, na kwamba Jumatano alikuwa akikaa karibu na jiko si kwa sababu ya baridi peke yake.

"Kumbe," alisema Bi Chayo, akamgonga mumewe kwa kiwiko. "Tulikuwa wawili."

Kesho yake asubuhi walimsindikiza stendi, wakachelewa, wakabishana njia nzima nani amewachelewesha. Bi Chayo alimpa chupa ya mchuzi mwekundu iliyofungwa kwenye mifuko mingi, na maelekezo ya kuupasha ambayo aliyarudia kwa sauti ya juu kila mara, kana kwamba Kihispania cha mgeni kilikuwa kimepungua usiku. Crescencio alipandisha mkoba mpaka kwenye kiti, akahakikisha dirisha linafunguka, akashuka. Walikuwa wameona haya tena kidogo, kama siku iliyotangulia.

"Jumatano," alisema kutoka chini.

"Jumatano nitakuwa kwa Rhéal bado. Kuna kelele."

"Basi waambie wanyamaze."

Basi likaondoka. Edmonde aliwatazama mpaka kona, wanandoa wafupi wawili waliokuwa tayari wanabishana tena, mzee akionyesha upande huu, mke upande ule. Karibu naye alikaa mama mmoja mwenye kapu la jibini. Walisalimiana. Mji ulipokwisha na mashamba makavu yakaanza, mama yule alimuuliza kama amekuja kutembelea ndugu.

"Mwalimu wangu," alisema Edmonde. Halafu akaona haitoshi, akajaribu kuieleza vizuri zaidi, na safari ilikuwa ndefu kiasi cha kutosha.